Flashi Niliyoifuta Mimi

S.L.P. ya Baba Mdogo Cosmas,
Mikumi, Kilosa.
16 Septemba 2025

Mpendwa kaka Gerald,

Shikamoo. Nikianza na habari za afya najua nitaishiwa ujasiri kabla ya kufika chini, kwa hiyo naanza na hili: ile flashi ya baba mdogo haikuwa feki. Niliifuta mimi. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Sasa nikuulize hali. Kifua kimepona? Baridi ya Tunduma imepungua? Mimi ni mzima, niko likizo fupi. Mama hali chakula vizuri. Akikupigia na usipopokea, anaiweka simu chini taratibu.

Ilikuwa hivi. Ulituletea flashi mbili nyeusi za aina moja, moja ya baba mdogo kuhifadhia picha za wateja wa stationery, moja yangu. Ukanielekeza kutengeneza flashi moja yenye mifumo mingi: naiandaa kwa ile programu mara moja, kisha nanakili mafaili ya Windows, Linux na ya kuondolea virusi, na kompyuta ikiwaka inauliza nataka upi. Niliandika kila hatua nyuma ya daftari la Fizikia. Nilitaka ukija Krismasi ukute nimeweza.

Mwezi wa sita baba mdogo aliniachia duka. Nikaanza. Programu ilionyesha flashi mbili zenye ukubwa uleule, kumbe yake ilikuwa imechomekwa nyuma ya kompyuta. Nikachagua ya juu. Ikauliza kama nina uhakika, maana kila kitu kitafutika. Nikakubali. Ikauliza tena. Nikakubali tena, kaka, huku natabasamu.

Nilipogundua, nilikuwa nimeshajaza mifumo mitatu juu ya picha za miaka sita. Nikaifuta ibaki tupu, nikairudisha mahali pake, nikaendelea kuuza kalamu.

Bibi Hildegarda alipofariki mwezi wa nane, picha yake nzuri, ile uliyompiga amevaa kitenge cha umoja wa akina mama, ilikuwa humo tu. Simu uliyompiga nayo ilishaibiwa. Baba mdogo alipoifungua flashi akaikuta tupu, akaamini umetuletea feki. Mimi ndiye niliyepangiwa kubeba picha mbele ya jeneza. Nilitembea nyuma ya msalaba mikono mitupu.

Maneno ya pale msibani unayakumbuka kuliko mimi. Baba mdogo alisema, “Wewe na flashi zako za kwenye toroli! Umemzika mama yangu hana sura!” Binamu Lukasi naye akadakia, “Siku nyingine utuletee na jeneza feki.” Watu wakacheka. Ukanigeukia: “Irine, wewe unashinda dukani. Ilikuwa inafanya kazi?” Nikasema sijui. Ukaondoka kabla ya matanga kwisha.

Jumamosi nilimwambia baba mdogo. Alikuwa anakata picha za pasipoti. Alizikata zote nne, akaweka mkasi.

“Tangu lini unajua?”

“Tangu siku ileile, baba.”

“Na ukakaa unanitazama namtukana mwenzako.”

Hakunipiga. Jioni aliwaita mama, Lukasi na wazee wawili wa kanisa, nikarudia yote nimesimama. Lukasi aliangalia miguu yake. Mama alitoka nje. Baba mdogo anasema hata ukipokea simu hajui ataanzia wapi.

Jana niliipeleka flashi kwa fundi, Kilosa mjini. Alisema kama ningeileta siku ileile kabla sijaandika kitu juu yake, zingepatikana nyingi. Ameokoa kumi na moja. Ya bibi haimo.

Niliporudi nilichapa tangazo kwa herufi kubwa: PICHA ZA WATEJA ZILIFUTWA NA IRINE. GERALD HANA KOSA. Baba mdogo alilisoma, akanipa gundi. Nikalibandika mlangoni mwa duka, na leo tangu asubuhi nimekaa ndani, nawajibu wanaokuja kuulizia picha za watu wao.

Msalimie shemeji Rebeka na mtoto Goodhope. Mama na shangazi Selestina wanakusalimu. Mungu akulinde huko mpakani, akupe na moyo wa kuisoma barua hii hadi mwisho.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata usiponijibu,

Irine