Selotepu Kwenye Kaboni

Mjimwema, Songea
9 Juni

Kaka yangu Beda,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo kaka. Natumaini huko Tunduru mnaendelea vizuri, wewe na wifi Rosemary, na kwamba mwanenu Leo ameanza kunenepa. Sisi tuko salama kwa kadiri ya watu waliofiwa. Baridi imeanza, mahindi tumemaliza kupukuchua, na mama anakula pale tu ninapomsimamia. Anawasalimu sana.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza; wewe kusikiliza mpaka mwisho hukujaliwa, hata baba alilijua hilo. Tafadhali soma mpaka chini kabla hujanipigia.

Ujumbe wako kuhusu misa ya arobaini tuliupata. Umesema fundi Hironimus asionekane hapa nyumbani, kwa kuwa aliiacha mashine ya msasa bila matunzo, baba akasugua kitanda cha Leo kwa mkono mpaka kifua kikamshinda. Mama ameniuliza tutamwambiaje mtu aliyefanya kazi na baba miaka ishirini na sita.

Nianzie mwishoni mwa mwezi wa nne. Daktari alimwambia baba akae mbali na vumbi la mbao, mapafu yake yamechoka. Baba aliitikia kwa adabu zote, kesho yake akaingia karakana. Alisema mjukuu wake wa kwanza hawezi kulalia kitanda cha dukani na babu yake ni fundi. Wakati huo Hironimus alikuwa anajiandaa kwenda Mpitimbi kupaua madarasa. Kabla ya kuondoka aliifungua mashine, akaipuliza, akaweka beringi mpya na kuushona mfuko wa vumbi uliokuwa umetoboka. Mimi ndiye niliyemshikia tochi, kwa hiyo najua ninachosema.

Siku iliyofuata mashine iligoma. Baba akaanza kutafuta tatizo kwa utaratibu wake ule ule: akaijaribu soketi kwa taa, akaupapasa waya wote, akafungua swichi. Mwisho akatoa kaboni, vile vijiti viwili vyeusi vinavyopitisha umeme kwenda kwenye mota, akazipima kwa kidole na kusema bado ni ndefu. Unajua macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Akanipa nizitazame, maana alinifundisha mwenyewe nikiwa darasa la tano. Nikamwambia ziko sawa. Akazirudisha, akawasha, kimya. Alihangaika hivyo siku tatu. Siku ya tatu alikaa kwenye kigoda akaniambia labda ameshasahau kazi.

Nikaenda jikoni. Niliporudi nilimkuta na karatasi ya msasa mkononi, anasugua. Alisugua siku tisa, mbao ngumu za mninga mtupu, ndevu zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Kitanda kilikwisha Jumatatu, yeye akafariki Alhamisi.

Hironimus alifika siku hiyo hiyo, akaanza jeneza kabla hata ya kunywa maji. Mashine ilipogoma alienda moja kwa moja kwenye kaboni. Akazipeleka mlangoni kwenye mwanga, akazitazama, halafu akanitazama mimi niliyesimama na chai yake. Akabandua kitu kwa ukucha, akakitia mfuko wa shati, na mashine ikanguruma. Wewe uliposhuka kwenye basi uliikuta inafanya kazi, ukauliza ilikuwaje. Akajibu kwamba hakuifanyia sevisi kabla ya kuondoka, kosa ni lake. Ukamsema mbele ya waombolezaji wote. Aliinama, akaendelea kulainisha jeneza la baba.

Kaka, kile alichobandua ni selotepu. Niliibandika mimi, kwenye ncha za kaboni zote mbili, jioni aliyoondoka Hironimus, ili umeme usipite. Nilifikiri nikiizima mashine nimelizima na vumbi. Vidole vya baba vilikuwa na sugu, havikuihisi. Alipokosa imani na vidole vyake, akaamini macho yangu. Na mimi nilisahau kwamba mashine ina mfuko wa kumeza vumbi, mkono hauna. Ningeweza kuibandua siku yoyote kati ya zile tisa. Niliona aibu asije akajua.

Sijui kama ndicho kilichomuua. Pengine angekufa tu. Lakini alikufa akidhani amesahau kazi, na hilo nimemfanyia mimi. Linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Jumapili nilimfuata Hironimus baada ya misa, nikamuuliza kwa nini alinifichia. Alinijibu kwamba yeye akifukuzwa hapa ana kwake pa kwenda.

Nakuomba umpigie wewe mwenyewe, umtake radhi, na siku ya arobaini akae mbele na mama. Kama kuna mtu hastahili kuonekana, ni mimi, na ukisema nisionekane nitakaa kwa jirani mpaka watu watawanyike.

Nina ombi moja zaidi. Ukimlaza Leo, pitisha kiganja kwenye mbao za kitanda chake, juu, chini, na kwenye kona ambako mashine isingefika. Hutakuta kibanzi. Baba hakuwa amesahau.

Msalimie wifi, mbusu Leo kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Ida

Mama bado hajui. Nitamwambia nikipata jibu lako.