Kushoto Ukitokea Wapi

Jumatano, 13 Agosti 2025

Jina langu halipo!

Nimeliona bango la semina mlangoni pa idara asubuhi hii, gundi bado mbichi. "Dalili za fizikia mpya katika mzunguko wa chembe W. Mtoa mada: Dk. Athanas." Basi. Nimesoma mpaka chini kabisa, mpaka jina la aliyechapa bango. Aliyechapa yupo, mimi sipo.

Miaka miwili! Miaka miwili nimekaa na data za mgongano ambazo Wazungu wameziweka wazi kwa kila mtu, mafaili arobaini, nikizishusha kwa intaneti ya kuombaomba, laptopu inaniunguza mapaja. Protoni zinagonganishwa, inatoka chembe nzito sana inaitwa topu. Haidumu. Inavunjika palepale na kutoa mbili, W na b. Hiyo W inaenda huku inazunguka. Nyingi zinazunguka kiubavu, zilizobaki karibu zote zinazunguka kushoto, kama skrubu iliyokatwa kinyume. Za kulia hazifiki mbili katika elfu. Ndivyo vitabu vinavyosema. Mimi nimepata tatu katika kila mia. Mimi! Ikiwa kweli, basi kuna nguvu huko chini ambayo bado hakuna aliyeiandika.

Na Athanas, msimamizi wangu, alichofanya ni kuniambia safi sana, nitumie slaidi. Nikatuma. Mjinga mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwendea. Shikamoo Daktari, marahaba, karibu kiti. Kwa upole kabisa! Anasema bango ni la mtoa mada tu, majina ya wanafunzi yatakuwa kwenye slaidi ya mwisho, ya shukrani. Baada ya wafadhili.

Wageni wa semina, Alhamisi ijayo, ni watatu, mmoja ni profesa mwanamama kutoka Italia ambaye anatafuta mwanafunzi wa kwenda kusoma udaktari kwake. Kila mtu idarani anajua hilo. Sasa huyo mama atajuaje kama mimi nipo duniani? Kwa slaidi ya shukrani?

Nilipokuwa naondoka akasema, Mauza, wewe una mkono mzuri, siku hiyo utusaidie chai ya wageni.

Mkono mzuri! Nimebamiza mlango kwa nguvu zangu zote. Mlango wenyewe una springi, umejifunga polepole bila hata sauti. Hata mlango!

Jumamosi, 16 Agosti

Dukani kwa mama tangu asubuhi. Kariakoo ya Jumamosi, huoni lami kwa watu. Mapazia yamenunuliwa mawili mawili na mimi sijacheka na mteja hata mmoja. Mama kaniuliza nimemezwa na nini, nikamweleza, na kumweleza mama fizikia ni kazi. Akasikiliza huku anakunja. Akasema, yaani mwanangu, dunia nzima inazunguka kushoto, wewe miaka miwili unamtafuta wa kulia? Ndiyo maana huolewi.

Nimecheka kwa hasira.

Halafu likatokea la Huda. Dada yangu ndiye mwenye simu ya oda. Kamwelekeza bodaboda aje kuchukua mapazia ya mteja wa Upanga: ingia Mtaa wa Sikukuu, duka la tatu mkono wa kushoto. Bodaboda kazunguka mara tatu. Alipotuona hatimaye alikuwa anatoa moshi kuliko pikipiki.

"Sista, umesema kushoto!"

"Si kushoto hapa? Kwani hii nini?"

"Kushoto ukitokea wapi? Mi natokea Msimbazi!"

Huda kasema kila mtu anajua ni ukitokea Mtaa wa Uhuru. Bodaboda kasema kila mtu nani? Wamegombana mpaka jirani akaja kuamua. Mimi nilikuwa nimesimama na pazia mkononi.

Ukitokea wapi.

Kwa sababu W haina kushoto wala kulia peke yake. Inapimwa kwa pembe, chembe inayotoka ndani yake imerukia upande gani. Na pembe unaipima ukiwa umeipa ile b mgongo. Mgongo! Ukiielekea uso, kushoto kunakuwa kulia. Ni sawasawa na bodaboda.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeangalia mafaili yote arobaini. Thelathini na sita mgongo. Manne uso.

Manne tu. Nimeyageuza, nimeendesha upya. Za kulia zimeshuka kutoka tatu katika mia hadi hakuna. Hakuna! Vitabu viko sahihi. Hakuna nguvu mpya, hakuna chochote, kuna mafaili manne yaliyogeuzwa.

Kumbe na kilichoibiwa hakikuwa kitu.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilitaka liwe kosa lake. Nilimwomba Mungu liwe lake, Mungu anisamehe. Nikatafuta nani aliandika mistari ya programu inayosoma mafaili yale manne.

M.A., tarehe 11 Februari. Mauza Azzam. Nakumbuka siku hiyo, umeme ulikatika nikapoteza kazi ya mchana mzima, nikaandika upya kwa kichwa, kwa hasira, nikimtukana kila mtu kimoyomoyo. Nimetukana vizuri na kuandika vibaya.

Nina hasira na umeme. Nina hasira na Athanas ambaye hakukagua hata mstari mmoja, yeye kaona namba kubwa akakimbilia kwenye bango. Lakini hasira nyingi ni juu yangu mwenyewe na sina pa kuzipeleka. Nimemfokea Huda kwa ajili ya chumvi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwambia Vitalis, mwanafunzi mwenzangu, ndiye pekee tunayeshirikiana naye meza pale idarani. Kasikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga meza kwa furaha. Kausha, dada. Kimya kabisa. Kala kazi yako, ale na kosa lako.

Nimecheka mpaka machozi. Nimetembea mpaka kituoni nikiwa naiona: Athanas na tai yake nyekundu, wageni wanatazamana. Tamu! Nilipofika nyumbani haikuwa tamu tena. Wale wageni wataondoka wakisema watu wa Dar hawajui kushoto na kulia. Hao ni sisi. Ni Vitalis, ni mimi, na atakayekuja baada yetu.

Nitamwambia kesho.

Jumatano, 20 Agosti

Nilikwenda! Iandikwe hapa kwamba nilikwenda. Saa nne asubuhi, mlango wazi, yuko kwenye simu, akanionyesha kidole nisubiri. Dakika arobaini. Alipomaliza nikasema Daktari, kuna tatizo kwenye pembe. Akasema Mauza, naelewa umeumia kuhusu jina, lakini usianze kutafuta matatizo leo. Nikasema si jina, ni mafaili manne. Akacheka! Akasema vipimo tumeshavimaliza — tumevimaliza! — wewe kahakikishe kuna chai isiyo na sukari, profesa hatumii.

Nikatoka.

Nimemwandikia meseji ndefu, na namba mpya zote. Nimeisoma mara sita. Sijaituma. Mara moja nimeshasema, sasa nimpigie magoti? Nimeifuta.

Nimeiandika tena. Nimeifuta tena. Slaidi moja ya namba sahihi nimeiweka kwenye flashi. Kwa nini, sijui.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika humu humu ukumbini mwa semina, Posta mjini, nyuma kabisa, pembeni ya meza ya chai. Wapishi wamenivalisha aproni, nyeupe, ina madoa. Isiyo na sukari ipo.

Athanas yuko slaidi ya tisa. Tai ni ya bluu. Anaongea vizuri, siwezi kukataa. Ameipa namba yangu sauti ambayo mimi nisingeweza. Tatu katika kila mia! Watu wameguna. Nimeona fahari. Nimeona fahari ya kitu ninachojua ni uongo!

Mama wa Italia kanyoosha mkono. Kauliza taratibu tu, kama anauliza choo kilipo: hiyo pembe mmeipima kutoka upande upi wa b? Na ni upande huohuo kwenye mafaili yote?

Athanas katabasamu. Karudi slaidi ya sita. Kaenda ya nane. Kanywa maji. Karudi ya sita.

Anasema sehemu hiyo alifanya mwanafunzi wake, mahiri sana, anaitwa Mauza Azzam. Mauza yupo?

Kumbe hata jina la baba analijua! Siku ya kosa ndiyo nimekuwa na majina mawili. Vitalis, hapa kando yangu, kanikanyaga mguu, ananong'ona nikae kimya, nisiwe mjinga. Yule mama ananitafuta kwa macho, mstari kwa mstari, anawaruka watu wa chai. Nikisimama ataniona kwa mara ya kwanza, na neno langu la kwanza kwake litakuwa nimekosea. Nikikaa, Athanas amekwisha, na mimi hakuna aliyeniona.

Flashi iko mfukoni, mfuko uko chini ya aproni.

Athanas anaita tena. Watu wameanza kugeuka. Wasubiri. Nivue kwanza hii aproni —