Kidonge Alichonunua Elia

Singida Mjini

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake umpe. Natumaini maumivu ya goti lako yamepungua na shambani mnakwenda vizuri. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaoumwa.

Najua habari imefika Mitundu kabla yangu, kwamba mchumba wangu Elia ameniacha kwa sababu nimetoa mimba na kuharibu kizazi. Mama, sikutoa mimba. Naandika kwa aibu, lakini heri uyasikie kwangu. Tulikuwa pamoja, kondomu ikapasuka. Niliogopa, Elia akaogopa zaidi. Asubuhi alikwenda mwenyewe duka la dawa, akaniletea kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, akasimama pale mpaka nikameza.

Baadaye nilisikia kichefuchefu, na siku zangu zikachelewa. Nikaenda kituo cha afya. Nikapimwa, sina mimba. Nesi akaniambia, "Hiki huchelewesha yai kutoka, ndiyo maana kinatakiwa kumezwa mapema. Mimba ikishatunga, hakiitoi. Wala hakiharibu kizazi. Ila usikizoee, njia za kupanga uzazi zipo nyingine nzuri zaidi."

Nikarudi na amani. Kisha mama yake Elia akaja kumtembelea kutoka Itigi, akaiona pakiti ya kidonge chumbani kwa mwanawe. Akaniita, Elia akiwa ameketi hapohapo.

"Binti, umemuua mjukuu wangu?"

Nikamgeukia Elia ili aseme. Akainamisha kichwa. "Mama, mimi sikujua. Ni mambo yake huyo."

Mama yake simlaumu sana, anasema alichokisikia kwa watu. Lakini Elia alikinunua kidonge kwa mkono wake, na maji ya kumezea alinipa yeye.

Juzi alikuja hapa kibarazani ninaposhona. Anataka tufunge ndoa kimyakimya, eti mama yake atazoea. Nikamwambia, "Mlete, umwambie mbele yangu nani alinunua."

"Unataka nimwaibishe mzazi?"

"Na mimi je?"

Akawasha pikipiki, akaondoka.

Basi mwambie Baba ng'ombe wao wa mahari warudi kwao. Asingoje nibadili mawazo.

Nisalimie Bibi, na mdogo wangu aliye shuleni. Mama mkubwa, aliyeitangaza habari hii kanisani, msalimie pia. Msomee barua yote, usiruke hata pale pa kondomu.

Ni mimi binti yako, nisiyekuficha,
Tabitha