Mlango wa Gari la Mwaka Thelathini na Nne

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Injini imenguruma leo. Fundi Mhindi wa mjini Kisii ametimiza ahadi – gari la viti viwili la mwaka 1934, ambalo mzungu wa Sotik aliniachia alipohama, limewaka uani kwangu hapa Nyakoe. Fundi anasema magari ya aina hii yaliyobaki duniani hayajazi uwanja wa kanisa.

Imebaki milango tu. Watu hudhani gari ni chuma. Hili ni bati jembamba lililogongomewa juu ya fremu ya mbao, na fremu za milango zililiwa na mchwa. Lakini nina mbao za mvule zinazokauka darini mwa jiko la mama yangu, juu ya moshi, tangu mwaka juzi. Tarehe 29 nitampeleka binti yangu Bonareri kanisani Ekerenyo akaolewe. Nitaendesha mwenyewe.

Mdogo wangu Mogire ameuliza: baba na binti, bega kwa bega hivyo? Alimaanisha ensoni – ile heshima yetu inayoweka macho ya mzazi mbali na mwili wa mtoto wake. Nikamweleza kwamba dereva hutazama barabara. Hakutosheka.

Alhamisi, 12 Agosti

Mbao hazipo darini! Mogire alizitumia kuwatengenezea mabenchi wakwe wa Ekerenyo walipotutembelea. Nami nilikalia mojawapo, nikala kuku, nisijue.

"Ulitaka wakae kwenye nyasi, Mwalimu?" Mogire akauliza.

Nikasema yavunjwe. Mama akakataa: benchi alilokalia mkwe halivunjwi kabla ya harusi.

Jumanne, 17 Agosti

Ratemo, seremala wa Birongo, amekuja na mbao za mkaratusi uliokatwa juzi. Ukizibonyeza zinatoa maji. Nikamweleza taratibu: ubao mbichi hujikunja ukikauka, na ukinyeshewa huvimba.

"Mwalimu, nyumba yako nilikujengea kwa mti huu huu. Imeanguka?"

Nikasema nyumba haipiti barabara ya Ekerenyo. Mogire akasema nimestaafu kufundisha watoto, sasa nafundisha miti. Wakacheka wote. Nimemruhusu atengeneze. Mbao nyingine kavu nitazitoa wapi kabla ya harusi?

Jumamosi, 21 Agosti

Sabato. Mlango wa kushoto umeanza kukwama. Randa iko pale pale karakana, nami siwezi kuigusa leo. Mhubiri alihubiri juu ya subira. Sikusikia nusu yake.

Ijumaa, 27 Agosti

Ratemo amepiga randa. Milango inafunga vizuri – inafunga vizuri mno. Hapana hata upenyo wa wembe. Nimemweleza Bonareri kwamba ni busara tuazime Land Rover ya rafiki yangu Nyamweya.

"Baba, umeniahidi gari hili tangu nikiwa darasa la tatu."

Basi.

Jumapili, 29 Agosti

Ekerenyo, nje ya kanisa. Naandika nikiwa ndani ya gari.

Mvua ilitukuta njiani. Injini haikukohoa hata mara moja. Tumefika, tumeshangiliwa – na milango imevimba. Yote miwili. Ratemo amevuta mpaka kishikio kimebaki mkononi mwake.

Njia ni moja: turubai la juu likunjwe, bibi harusi apande juu ya mlango, gauni likiwa limeinuliwa. Mbele ya baba mkwe na ndugu zake, ambao wote, kwa ensoni, ni baba zake. Na mbele yangu mimi, niliyebanwa ubavuni mwake. Ndiyo maana naandika – macho yawe kwenye karatasi.

Mogire amerudi na shoka. Anangoja neno langu. Nimekwisha kufumbua kinywa niseme apige. Bonareri amenitangulia: "Baba Mdogo, ukiligusa gari la Baba, sishuki."

Mchungaji anatazama saa. Ana harusi nyingine.

Sasa Mama amefika na fimbo yake. Yeye ni nyanya, ana ruhusa ya kumtania yeyote. Amemwambia bwana harusi, "Mume wangu, mke mwenzangu amefungiwa kama kuku wa sokoni, nawe umesimama na tai?" Kisha amewageukia wazee wa Ekerenyo na kuwaamuru watazame mashamba ya chai. Wametii. Ni suti na migongo tu, mvuani. Mogire naye amegeuka, shoka begani.

Turubai limekunjwa. Matone yanaharibu wino.

"Kuna baba mmoja bado ana macho," Mama anasema. Ananinyoshea leso yake nijifunike kichwa.

Nimeanza kumweleza kuhusu mbao kavu na mbao mbichi. Anasema nitaeleza nikiwa humo chini ya leso.