Boya la Slipasi Nyekundu

Baba Mutinda,

Mjukuu wetu Mwende anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asinipambie maneno. Vile natoa, aweke vivyo hivyo.

Ndugu yako Kioko hakungoja hata udongo wa kaburi lako ushuke. Alikuja, akanywa chai yangu, akafuta mdomo. "Shemeji, ile fimbo ya kuvulia nipe mimi. Wewe utaifanyia nini, utakorogea sufuria ya isyo?" Nikamjibu, "Jumamosi twende bwawani. Nikitoka mkono mtupu, ichukue."

Alipoenda nikakaa chini. Mdomo wangu huu! Fimbo yako nilikuwa naishika nikifagia tu.

Lakini si nilikaa nawe pale ukingoni miaka yote, nikichambua ndengu, nikijifanya sisikii? Wale wageni uliowabebea mizigo kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya walikufundisha kufunga vidudu vya manyoya kwenye ndoano, na jogoo wangu ndiye aliyelipa, shingo tupu kama tai. Ukasema palipo na kina, kidudu lazima kishuke karibu na matope, na huko jicho halifiki. Ndiyo ukakata slipasi yangu nyekundu, ukafunga kipande juu kwenye uzi, kielee, kikuambie ya chini. Ukakiita boya. Mimi nilikuita mwizi.

Basi Jumamosi nikalipandisha boya juu kabisa kwenye uzi, kidudu kifike chini, nikatupa kando ya ukuta wa bwawa. Likazama, nikavuta: hakuna. Nikarudia: hakuna. Kioko alicheka mpaka akakaa. "Shemeji, hao wameshiba!"

Hapo nikakusikia, na ile sauti yako ya kukwaruza: "Usingoje lizame, Mama Mutinda. Samaki wa chini anaonja, anatema. Likisita tu, vuta."

Nikatupa tena. Boya likaja polepole na upepo, halafu likasimama, kama mtu aliyesikia akiitwa. Nikavuta. Eeeh, mzee! Fimbo ikapinda, tilapia mpana kama sahani ya wageni, anapiga maji! Nikageuka nikuonyeshe.

Nikageuka, mume wangu. Na pale unapokaaga hapakuwa na mtu.

Kioko akaacha kucheka. Akaingia majini na viatu vyake vya kanisa, akamtoa yule samaki. "Fimbo ni yako, shemeji." Nikalia, mimi ambaye siku ya mazishi nilikuwa mkavu kama kuni. Naye akalia, mjinga yule. Kumbe hakuwa na haja ya fimbo. Alitaka kitu chako cha kushika.

Nilimpikia. Kichwa cha samaki nikampa yeye.

Sasa lala, mzee wangu. Mimi nakula, usinihangaikie. Fimbo itakaa kwangu, lakini nakuahidi Kioko hatakaa Jumamosi hata moja peke yake nyumbani kwake. Nitamfundisha, na akivuta kwa kuchelewa nitamtukana vizuri, kama ndugu.

Mke wako,
Mama Mutinda