Taa ya Mlangoni

Mama,

Nyumba imeisha kurekebishwa. Ile sebule uliyokuwa ukiilalamikia kwamba ina giza hata saa sita mchana sasa ina dirisha kubwa, na dari ni ya jipsamu, vile ulitaka. Riruta yote inatusifu. Mimi sioni cha kusifu.

Baba alinipa kazi ya kuchagua taa, yeye akakataa kuja. Nikaenda mjini peke yangu, kwa yale maduka ambayo taa zote zinawaka mchana kutwa mpaka kichwa kinauma. Mwenye duka, mama mmoja Mhindi mwenye subira, akaniuliza kama nataka mwangaza mweupe ama wa manjano. Nikakusikia: "Mweupe ni wa bucha." Nikachukua wa manjano, nyumba nzima. Nilikuwa nimeshika pia taa moja, kataa kadogo ka ukutani, ka upande wako wa kitanda. Nikakarudisha. Nani angekawasha?

Ikabaki taa ya nje.

Sheria ilikuwa yako: haizimwi mpaka watu wote wa nyumba wawe ndani. Wafula akichelewa kwa marafiki zake Kangemi, inawaka. Mimi nikichelewa kwaya, inawaka. Wa mwisho kuingia ndiye anazima, na wewe ukisikia swichi ndipo unalala. Baba akinung'unika kwamba tokeni za stima zinaisha, ulikuwa unamwambia, "Wacha ziishe. Watoto ni wangu."

Tangu tutoke Bungoma kukuzika, haijazimwa. Baba hataki. Anakaa kwa kiti akiangalia mlango, koti mwilini, chai inapoa. Nikimwambia akalale ananijibu, "Bado hatujatimia." Amekonda, Mama. Suruali anaishika kwa mkono akitembea. Naogopa utamchukua.

Sasa yule mama wa duka akanionyesha taa inayojiwasha mtu akipita, halafu inajizima yenyewe. Nikasema dawa ndiyo hii. Haina swichi, haina wa mwisho kuingia. Baba ataona giza, atazoea, atalala. Nilijiona mjanja kweli.

Fundi akaifunga. Jioni hiyo hiyo paka wa jirani akapita, ikawaka. Baba akaruka kutoka kitini, akafungua mlango, akaangalia nje. Akarudi akakaa. Upepo ukatikisa migomba, ikawaka, akafungua tena. Na tena. Mara moja nilimsikia akisema "karibu," polepole, vile alikuwa anakuambia ukitoka sokoni. Hapo nikaenda jikoni nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Mwanzo alikuwa anakungoja tu. Sasa kila ikiwaka anajua umefika. Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu.

Kesho fundi anakuja kuing'oa. Nitarudisha globu ya kawaida, na swichi pale pale ulipoizoea. Sina ujanja mwingine, Mama, na sidhani kuna ujanja wowote. Wafula anasema Baba atapoa na wakati. Mimi ninayemwona kila siku siamini.

Basi lala, Mama. Hatutatimia tena, najua, na yeye nafikiri anajua. Simwambii tena akalale. Tokeni nitanunua mimi, taa itawaka hadi asubuhi, na nitavuta kiti changu nikae naye.

Mtoto wako,
Nekesa