Mshika Ngazi

Nyumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha rangi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi na wale mapacha ambao kwenye picha ya mwisho walikuwa bado hawajaota meno ya mbele. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza kukimbia, nikacheka peke yangu jikoni, maana sijawahi kukuona ukikimbia ila siku zile mama alipokuwa nyuma yako na kandambili mkononi.

Mimi ni mzima. Macho tu ndiyo yananiangusha. Siku nzima natengenezea watu miwani, na yangu mwenyewe nimeibadilisha mara mbili mwaka huu. Bado nipo kwenye karakana ileile: nasaga lenzi, nazikata, nazitia kwenye fremu. Fundi mkuu uliyemjua amestaafu. Aliyekuja ni mtu mwema, lakini anapenda fomu kuliko mshahara.

Najua utauliza kama bado nacheza gemu. Nacheza. Nina miaka arobaini na sita na bado nacheza zilezile tulizokuwa tukigombea pedi ya kuchezea mpaka waya ukakatika. Hizi mpya nimezijaribu, kaka. Ni nzuri, unaweza kuhesabu nywele za mtu kichwani. Lakini zinakushika mkono kama mgonjwa aliyetoka kupasuliwa: pita hapa, bonyeza hapa, hongera. Zetu zilikupa maisha matatu na kukuacha na Mungu wako. Ukifa unaanza mwanzo, na aliye pembeni yako anakucheka.

Ila sitaki kuwa kama hawa wanaosema kila cha zamani kilikuwa dhahabu. Nusu ya kaseti zetu zilikuwa takataka, tulizipenda kwa sababu tulikuwa nazo nne tu. Na ule mtindo wako wa kuzipuliza kila zinapogoma haukusaidia chochote. Mate yako ndiyo yaliyotia kutu vile vijino vya shaba vya kaseti. Nimesubiri miaka thelathini kukuambia hilo.

Mwaka jana nilikwenda kwenye maonyesho ya gemu za zamani. Nikaikuta ile yetu ya wazimamoto ndani ya sanduku la kioo, haijafunguliwa tangu itoke kiwandani. Mwenyewe kasimama pembeni kama askari wa benki. Nikamuuliza kama amewahi kuicheza. Aliniangalia kana kwamba nimeomba kuilamba. Nikarudi nyumbani mapema.

Unaikumbuka lakini, ile ya wazimamoto? Haichezeki na mtu mmoja. Mmoja ashike ngazi, mwingine apande kuokoa watu, na anayeshika akiiachia tu, mwenzake anaanguka. Ulipoondoka niliifungia kabatini. Baada ya mama kufariki nikagundua kuna programu ya kompyuta inayowezesha watu wawili walio mbali kucheza gemu hizo za zamani pamoja, huku wanazungumza. Nikajiandikisha kwa jina la Miwani. Mtu wa kwanza kunikubali aliitwa Mkia.

Hapo ndipo ilipo habari inayonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu nitalia, nawe utaanza kuniuliza kama nimekula.

Nimecheza na Mkia miaka tisa. Kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, navua koti la karakana, nachemsha chai, nawasha kompyuta, naye yupo. Saa moja kamili anaondoka, hata tukiwa ghorofa ya mwisho na moto umebaki dirisha moja. Alikuwa mzee. Nilijua kikohozi chake, nilijua kiti chake kinalia akiegemea kushoto. Nilijua alifanya kazi ya kuongoza treni kwenye makutano ya reli mpaka akastaafu. Alikataa kupanda hata siku moja. Alisema maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuhakikisha wengine wanapita salama, hawezi kubadilika uzeeni. Jina lake sikulijua. Mwanzoni hatuulizani, ndiyo adabu ya mtandaoni, na baada ya miaka mitatu inakuwa aibu kuuliza.

Januari hakutokea. Siku ya kwanza nikadhani umeme. Wiki ya kwanza nikadhani amesafiri. Nilikuwa nafungua tu kompyuta na kulitazama jina lake likiwa la kijivu, chai inapoa. Ningempigia nani? Ningeuliza hospitali gani, na ningesema namtafuta nani, Mkia?

Wiki ya nne, Jumamosi mchana, jina likawaka. Sijui kama umewahi kufurahi mpaka mikono ikakosea herufi. Nikamwandikia kwamba amenitupa, kwamba nimemnunia, kwamba ngazi iko chini inamsubiri. Jibu likachelewa. Kisha likaja: "Mimi ni binti yake. Baba alifariki, tulimzika siku kumi na tisa zilizopita. Samahani, wewe ni nani?"

Kaka, niliandika jibu na kulifuta mara tatu. Mwishowe nikaandika kwamba mimi ni mwenzake wa kucheza gemu.

Binti akanieleza kwa upole kwamba nyumbani kwao kuna jambo. Mama yake kwa miaka alikuwa akimsikia mumewe amejifungia chumbani akicheka na sauti ya mwanamke. Alipoulizwa, mzee alisema ni mchezo tu, mama naye akaamua kunyamaza ili nyumba isiwake moto. Sasa mume amekwenda, na kile alichokinyamazia kimebaki kimemkaa kooni. Binti akaomba nizungumze naye.

Niliogopa. Nilifikiria kuzima kompyuta na kubadilisha jina, niwe mtu mwingine. Lakini nilimfikiria yule mama na ule ukimya wake, nikatoa namba yangu.

Alipiga kesho yake. Salamu zake zilikuwa fupi. Nikampa pole, akaipokea kama mtu anayepokea mzigo wa jirani. Halafu akauliza moja kwa moja:

"Miaka yote hiyo, mlikuwa mkizungumza nini?"

 Nikasema ukweli. "Mara nyingi, mama, mimi nilikuwa namwambia ashike ngazi, na yeye ananiambia nipande."

 Nikasikia mtu nyuma yake anamuuliza kitu, akamwambia asubiri. Nikaendelea, nikamweleza mchezo wenyewe, lile jengo, ule moto, wale watu wa madirishani. Nikamwambia tulivyocheka siku niliyomwokoa paka mara tano na kumsahau mama mwenye mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, sauti imeshuka:

"Aliwahi kunitaja?"

"Kila siku," nikamwambia. "Ikifika saa moja alikuwa anasema, mwenye nyumba ananiita, chakula kiko mezani. Nilimbembeleza mara nyingi tumalize. Hakukubali hata mara moja."

Hapo alilia, na mimi nikalia, watu wawili tusiofahamiana. Alipotulia aliniambia jina la mumewe. Sitaliandika humu. Nimelisubiri miaka tisa, niachie nikae nalo kidogo.

Hatujazungumza tena. Sitarajii. Alichokuwa anakihitaji amekipata, na hana sababu ya kunijua zaidi.

Jumatatu nilimwomba fundi mkuu siku moja ya kupumzika kwa msiba. Akanipa fomu. Pana nafasi ya jina la marehemu, na chini yake pameandikwa "Uhusiano wako na marehemu". Pale pa jina nilijaza, nikajisikia tajiri. Pale pa uhusiano kalamu ikagoma. Akaniuliza ni ndugu, nikasema hapana. Jirani? Hapana. Nikaikunja fomu, nikarudi kwenye mashine, nikasaga lenzi za watu kumi na wawili siku hiyo, na mbili nikaziharibu.

Tangu hapo jioni ni ndefu. Wapo wengine kwenye programu, vijana wema, wananiita bibi bila ubaya. Wanapenda kupanda. Hakuna anayetaka kushika.

Lakini lile swali la yule binti, wewe ni nani, halijaniondoka, nalo nimelifanyia kazi. Kwenye karakana hakuna anayejua nina nani duniani. Basi juzi nimeandika jina lako, namba yako na anwani yako kwenye karatasi mbili. Moja nimempa dada wa mapokezi, nyingine nimeibandika mlangoni kwa ndani, nikaandika juu yake: "Likitokea lolote, mjulisheni huyu. Ni kaka yangu." Anwani niliyoandika ni ya miaka minne iliyopita. Kama umehama, na barua hii ikakufuata huko, tafadhali niambie.

Nisalimie wifi, na mapacha, na shangazi ukimpata kwenye simu, mwambie sijamsusa. Mola awatunze nyote, alilinde goti lako na alegeze mkono wako uandike.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako.